Wifi Yangu na Sufuria ya Mabaki

Nilimkuta wifi yangu jikoni, kijiko mkononi, anakwangua mabaki ya sahani yangu na kuyarudisha kwenye sufuria.

Sahani yangu mimi. Niliijua kwa kile kipande cha nyama nilichokitafuna kikanishinda kwa ugumu, nikakificha chini ya mboga ili mwenyeji asijisikie vibaya.

Kilikuwa bado na alama za meno yangu.

Wifi akakisukuma kwa kijiko... kikatumbukia. Akakoroga.

Jamani, sijawahi kuona mtu anakoroga sufuria kwa utulivu namna ile. Alikuwa anaimba kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeko kwao.

Pembeni zilipangwa sahani nyingine za chakula cha mchana. Ya mume wangu. Za wale maharusi wa chumba cha juu. Na ya yule bwana wa chumba cha mwisho, yule aliyekuwa akikohoa mezani mpaka macho yanamtoka, leso mdomoni.

Hiyo nayo ikakwanguliwa.

Mdomo ukajaa yale mate mepesi yanayotangulia kutapika.

"Wifi," nikasema.

Akageuka.

Sasa ngoja nianze mwanzo, maana mkisikia hapo tu mtadhani natia chumvi.

Mimi nina saluni. Mume wangu anaendesha lori la mizigo, leo yupo, kesho hayupo. Watoto bado hatujajaliwa. Baba yangu mzazi anaishi na sisi tangu mama alipofariki mwaka jana.

Baba alikuwa fundi cherehani. Suti za nusu ya mtaa wetu wa zamani alishona yeye. Mtu wa maneno mengi, utani mwingi, anayekupima kiuno kwa macho ukipita tu dukani kwake.

Mama alipoondoka, maneno yakaisha. Na kula akaacha.

Si kwamba alikataa. Anashukuru vizuri tu, halafu chakula kinarudi kama kilivyokwenda. Suruali zikaanza kumvuka. Fundi mzima anatembea ameshikilia suruali kwa mkono.

Nikampeleka hospitali, wakapima kila kitu. Daktari akasema mzee hana ugonjwa, abadilishiwe mazingira.

Hapo ndipo wifi yangu akaingia.

Wifi ni dada wa mume wangu, anafanya kazi kwenye ofisi ya mambo ya safari. Akaja nyumbani na simu yake, akanionyesha picha.

"Wifi, angalia hapa. Nyumba ndogo ya wageni, vyumba vichache, kimya, na chakula chake ni cha kuota ndotoni. Mzee akikaa hapa siku kadhaa, atarudi amenenepa."

Nyumba ilikuwa nzuri, nisiwe mwongo. Ukuta mweupe, madirisha ya bluu, maua kila kibaraza.

"Na mimi nitakuja nanyi," akasema. "Nina likizo."

Mume wangu akaomba ruhusa kazini. Mimi nikamwachia saluni msaidizi wangu. Joto la msimu ule lilikuwa limeshatuchosha wote. Tukaenda.

Mwenyeji alitupokea getini. Mama mnene wa wastani, mchangamfu, ua bichi limechomekwa juu ya sikio. Wageni wote walimwita Mama Maua, nasi tukafuata.

"Shikamoo mzee wangu," akamwambia Baba. "Mbona umekonda hivi, wanao wanakufungia chakula kabatini?"

Baba akatabasamu. Nikamgusa mume wangu kwa kiwiko. Miezi mingi sijaona meno ya Baba.

Vyumba navyo vilikuwa vya kupendeza. Mito imetariziwa, pazia la kufumwa kwa mkono, shuka zinanukia marashi ya waridi. Nilijirusha kitandani nikasema hapa hata nikifa sina deni.

Na chakula...

Mchuzi wa Mama Maua ulikuwa mzito, una ladha ya mambo mengi kwa pamoja, huwezi kutenganisha hii ni nini na hii ni nini. Nilimwuliza anaweka viungo gani.

"Siri ya jiko langu, mwanangu," akasema. "Mchuzi mzuri hauishi siku moja."

Tukacheka wote. Nakumbuka nilicheka mpaka nikapiga meza.

Siku ile ya kwanza Baba alikula kidogo tu. Lakini mlo uliofuata, Mama Maua alivuta kiti, akakaa karibu naye na kikombe chake cha chai.

"Nasikia ulikuwa fundi. Hebu niambie, suti ya bwana harusi na ya marehemu, ipi ngumu kushona?"

Baba akaweka kijiko chini, akafikiri.

"Ya bwana harusi," akasema. "Marehemu halalamiki."

Mama Maua alicheka mpaka ua likaanguka. Na Baba, huku anaendelea na hadithi zake, akamaliza sahani. Wenzangu, akamaliza! Nilimpiga picha na ile sahani tupu nikaituma kwenye grupu la familia. Shangazi zangu walilia kwa furaha.

Ikawa hivyo kila mlo. Mama Maua anavuta kiti, Baba anasimulia, mchuzi unaisha.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kumwombea dua yule mama.

Lakini kulikuwa na vitu vidogo vidogo.

Kwanza, wifi hakuwa anakula. Kila mlo ni yai la kuchemsha, ndizi mbivu, au chungwa.

"Natunza umbo," alisema.

Wifi ninayemjua mimi hajawahi kutunza umbo. Kwenye shughuli yeye ndiye anayefunga nyama kwenye mfuko wa kwenda nao nyumbani. Nikajisemea labda kuna mwanaume.

Pili, siku moja nikakuta kijiti cha meno ndani ya mchuzi wangu. Kimelowa, kimetafunwa ncha. Nikamwangalia mume wangu kwa jicho baya.

"Si mimi," akasema.

"Nani sasa, malaika?"

Tatu ndilo lililotaka kunivunjia ndoa. Nilikuta nywele juu ya mto. Nywele za bandia, ndefu, rangi ya shaba. Mimi ninasuka nyeusi tupu, na wifi kichwa chake anakinyoa. Mtu wa saluni humdanganyi kwenye nywele.

"Hizi za nani?"

"Sijui, mke wangu."

"Zimejileta zenyewe kitandani?"

Akaapa kwa mama yake mzazi. Nikamnunia. Nililala nimempa mgongo, nikivuta ile harufu ya waridi kwenye shuka huku nawaza nitaanzia wapi kumfumania.

Basi, siku ya tukio, Baba hakuamka vizuri. Alikuja mezani mchana, akala kwa kujilazimisha, akarudi kujilaza. Nilipomfuata nikamkuta amejikunja, jasho linamtoka, ndoo iko chini ya kitanda.

"Baba, tangu lini?"

"Kidogo tu, tangu alfajiri. Niletee maji ya moto, itapita."

Mama Maua hakuruhusu mgeni jikoni kwake. Alikuwa na usemi wake, "Nyie mmekuja kupumzika, jikoni niachieni mimi." Lakini siku ile nilimwona kupitia dirishani, yupo getini anawaaga wale maharusi. Nikasema maji tu, nachota natoka.

Nikasukuma mlango.

Hapo ndipo tulipoanzia.

Wifi aliponiona, kijiko kilibaki hewani, kinadondosha.

"Wifi, sivyo unavyofikiria."

"Mimi sifikirii. Mimi naona."

Harufu ya jiko lile ikanifikia vizuri sasa. Mezani tulikuwa tunasikia viungo. Huku ndani ilikuwa mafuta yaliyochacha na kitambaa kibichi. Sinki limejaa maji ya kijivu. Juu ya ndoo kulikuwa na chujio, ndani yake mifupa ya samaki, kijiti kingine cha meno, na plasta ya kidole.

Plasta ya kidole, ndugu zangu. Walikuwa wanachuja supu.

Upande wa pili kuna meza ya kupigia pasi. Shuka za maharusi zilikuwa zimetandazwa juu yake, bado zina makunyanzi ya kulaliwa. Hazijaona maji. Pasi ya moto ipo, chupa ya marashi ya waridi ipo.

Nikaelewa zile nywele za rangi ya shaba. Nilimsusia mume wa watu kwa kosa la shuka. Na uso wangu nilikuwa nimeulaza humo, usiku baada ya usiku, kwenye jasho la mtu nisiyemjua.

"Unafanya nini kwenye jiko la watu?" nikamwuliza wifi.

Akaweka kijiko juu ya sahani. Halafu akasema, "Si la watu. Hii nyumba tumeifungua wote wawili, mimi na Mama Maua."

"Ndiyo maana ukatuleta."

"Niliwaleta kwa sababu mzee anahitaji kupumzika. Na anakula, si unaona mwenyewe anakula?"

"Anakula mate ya watu."

"Wifi, usiwe hivyo. Kila mahali wanafanya. Mchuzi ukichemka, moto unaua kila kitu."

Nikaliendea kabati, nikachukua bakuli. Nikachota mchuzi kutoka kwenye ile sufuria. Kile kipande changu kilikuja na mwiko, nikakiacha juu, kikionekana. Nikaliweka bakuli mbele yake.

"Kula basi."

Akaliangalia.

"Si moto umeua? Kula."

"Sina njaa."

"Mimi sikuwa na njaa pia. Nilikuwa mgeni wako."

Aligeuza uso pembeni, na nikaona koo lake linavyocheza. Lilimchefua. Mpishi anachefuliwa na chungu chake mwenyewe. Yule mtu alikuwa amekaa meza moja na sisi, ananimenyea chungwa anacheka nami, anaangalia kijiko kinaingia mdomoni mwa kaka yake wa tumbo moja.

Ndiyo maana mayai. Ndiyo maana ndizi. Alikuwa anakula tu vile ambavyo vina ganda.

Mume wangu akatokea nyuma yangu, alikuwa ananitafuta kwa ajili ya Baba. Akaangalia sufuria, akaangalia sahani, akamwangalia dada yake.

"Ni hicho ninachokifikiria?" akauliza.

Dada yake akafunika sufuria.

Dereva wa lori ni mtu aliyekula vichochoroni kote. Lakini alitoka mbio akatapikia kwenye ule mtungi mkubwa wa maua pale kibarazani, na Mama Maua akaingia akilalamika juu ya mtungi wake.

Nilitegemea atababaika. Hata kidogo. Alivua ua sikioni, akaliweka mezani, akajifunga kanga vizuri.

"Kuna watu wanalala njaa," akasema. "Nyie mnaacha nusu sahani. Mnataka nimwage chakula kizuri?"

"Tunataka utuambie."

"Ungeambiwa, ungekula?"

"Baba yangu anatapika, Mama. Mzee uliyekuwa unamwita mzee wangu."

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika kidogo. Akaonekana kama anataka kuuliza kitu. Sikumpa nafasi. Nilirudi kwa Baba.

Tulimbeba mpaka kwenye teksi aliyoiita mume wangu. Wifi akatufuata, anataka kufungua mlango wa nyuma aingie. Mume wangu akaubamiza.

"Baki na sufuria yako," akamwambia.

Kwenye zahanati walimtundikia maji haraka. Macho ya Baba yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka kama karatasi. Kuna wakati nilimwita akaitika kwa kuniita jina la utani la mama. Nikahisi nampeleka na yeye alikokwenda mama, kwa mkono wangu, kwa tiketi niliyokata mwenyewe.

"Amekula nini?" daktari akauliza.

"Chakula cha watu," mume wangu akasema. "Kilicholiwa kwanza na watu."

Daktari aliacha kuandika, akatuangalia wote kwa zamu. Halafu akatuandikia dawa na sisi.

Kesho yake mchana Baba alikuwa amepata nafuu. Ameketi, mto mgongoni, anakunywa maji kwa kijiko. Nikaona ni bora nimwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa mwingine. Nikamshika mkono.

"Baba, kuna jambo baya kuhusu kile chakula. Mama Maua alikuwa..."

"Anarudisha mabaki," Baba akasema.

Nilidhani sikusikia.

"Nilimwona siku za mwanzo tu. Nilienda kuomba chumvi, yeye hakuniona. Alikuwa anarudisha mifupa kwenye sufuria. Mmoja niliutambua, ulikuwa wangu."

Mume wangu alikuwa amesimama dirishani. Akageuka polepole.

"Ulijua," nikasema. "Na ukaendelea kula."

"Nikaendelea."

"Baba, kwa nini?"

Akazungusha kijiko ndani ya kikombe muda mrefu.

"Ningesema, mngefungasha mizigo. Mngenirudisha nyumbani."

Lile neno lilinichoma hapa, chini ya titi.

"Nyumbani kuna ubaya gani? Napika mwenyewe. Naosha kila kitu kwa maji ya moto. Sahani yako haiguswi na mtu."

"Safi sana, mwanangu. Sikulaumu. Hotpoti inakuja imefunikwa vizuri, inawekwa kwenye stuli, mlango unarudishwa. Unakwenda zako, una kazi. Naifunua naiangalia. Mama yako alikuwa hawezi kunyamaza hata akiwa na tonge mdomoni. Pale... kuna mtu alivuta kiti."

"Alikuwa anafanya biashara, Baba. Anakuchekea ili tukae zaidi."

"Nimekaa dukani maisha yangu yote. Mtu akinichekea najua anataka nini." Akanywa maji kidogo. "Lakini alivuta kiti."

"Ulikuwa hukisikii kinyaa?"

"Nilikuwa nakisikia. Kila tonge. Nilikuwa nameza bila kutafuna, naendelea kuongea."

Nikajikuta nimemwachia mkono.

"Na sisi?" nikauliza. "Sisi ulituacha tule?"

Hapo Baba akakosa pa kuangalia. Alitazama matone yanavyodondoka kwenye ile chupa ya maji.

"Nilijua nyie mna matumbo ya vijana," akasema. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Niliona aibu kusema. Nisamehe, mama."

Sitawadanganya. Kwa muda pale nilimwona Baba kama nilivyomwona wifi, kijiko mkononi. Nilitoka nje, nikakaa kwenye benchi la zahanati. Kinywani ile ladha ilikuwa bado ipo, ladha ya mambo mengi kwa pamoja. Nilipiga mswaki kwenye bomba la uani mpaka fizi zikatoka damu.

Mume wangu akaja akakaa pembeni yangu.

"Mke wangu, tangu mama afariki, umewahi kula na mzee?"

"Narudi saluni nimechoka. Wewe je?"

"Mimi niko njiani."

Tukakaa hapo hapo.

Mambo yaliishaje? Mume wangu alikwenda kwa bwana afya wa mji ule, naye akalifunga lile jiko siku hiyo hiyo. Vitu alivyotuambia amevikuta kwenye jokofu sitawaandikia hapa, kuna watu wanasoma huku wanakula.

Wifi alituma ujumbe mrefu mrefu. Kwamba tumemharibia. Kwamba hakuna aliyekufa. Mama mkwe akanipigia, ananiomba niyamalize kifamilia.

"Mama, shikamoo," nikamwambia. "Nikimwona nasikia harufu. Nipe muda."

Muda huo mpaka leo haujaisha. Kwenye shughuli tukikutana tunasalimiana kwa mbali, na nikijua yeye ndiye kapika, mimi nanunua ndizi.

Baba alipona. Tulipofika nyumbani nilitoa ile stuli chumbani kwake, nikaweka meza sebuleni. Saluni nafunga mapema kidogo, wateja wamenuna, wamezoea. Sasa tunakula pamoja. Siku za kwanza ilikuwa tabu, nakaa pale sina la kusema, yeye anaangalia sahani, mimi naangalia sahani. Mpaka jioni moja nikamwomba anifundishe kupima kiuno kwa macho. Aliongea hadi chakula kikapoa, na alikimaliza kikiwa cha baridi.

Juzi hapa, katikati ya mlo, akaniuliza, "Hivi yule mama hajambo?"

"Yupi?"

"Yule wa maua."

Kinyaa kilirudi chote, na plasta yake, na kijiti chake. Nilitaka kumwambia asimtaje mezani kwangu.

"Sijui, Baba," nikasema. "Nadhani hajambo."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kula.

Basi ndugu yangu unayesoma. Ukifika kwenye nyumba nzuri ya wageni, yenye mapazia ya kufumwa na shuka za kunukia, fuata maji ya moto jikoni wewe mwenyewe, tena siku ya kwanza. Usingoje kama mimi.

Na kama una mzazi ndani ya nyumba yako, usijisifu kwa watu kwamba anakula vizuri. Muulize anakula na nani.